Vibaba Saba vya Mfagiaji

Alhamisi, 6 Novemba

Mahamri yameisha mapema, saa mbili u nusu. Mbaazi zimebaki, tumekula wenyewe. Mavyaa, mama wa mume wangu, kalala vizuri. Uji kamaliza nusu bakuli.

Siku ya pili tangu nimtoe hospitali. Kiharusi kimemchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote isipokuwa moja. "Kwema?" Akitaka maji, kwema? Akitaka kugeuzwa ubavu, kwema? Daktari anasema hutokea, neno moja likabaki na mengine yakaenda, na yeye hajui kwa nini likabaki hilo. Mavyaa wangu Bi Mwanakombo, aliyekuwa akianza kusema alfajiri na kupumzika isha, sasa ana salamu tupu. Namjibu, kwema mama. Mara ishirini kwa siku. Nachoka, na naona haya kuchoka.

Alasiri nimepima mchele wa Babu Mabruki. Miaka kumi na tisa niko Mtongwe hapa kwa mume wangu Athmani, na kila Alhamisi nyumba hii humtolea yule mzee vibaba saba vya mchele, nazi mbili, chumvi na chupa ya mafuta ya taa. Vibaba saba, siku saba, ndivyo nilivyojua. Kipimo ni kile kibaba cha mti, cheusi, chenye ufa ukingoni. Kupima ni kazi yangu. Kutoa ni kazi ya mavyaa. Hutoka barazani mwenyewe, mimi nabaki jikoni.

Leo nimetoka mimi. Ustadhi wa darsa yetu ametufundisha tusitoe kitu bila nia, basi nikanuia, na kwa adabu zote nikasema: Babu, shikamoo, pokea sadaka yako.

Kanitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Sadaka wape mafakiri," akasema. Akageuka, akaenda zake. Kikapu kimebaki mkononi mwangu na watu wanapita njiani. Nimefedheheka. Maskini jeuri huyu.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimempelekea kikapu kwake. Kibanda chake kiko nyuma ya muhogo wetu, mwendo wa kumaliza tasbihi moja. Nimepiga hodi tatu. Namsikia akikohoa ndani, haitikii. Nikakiweka mlangoni nikarudi.

Nikamwambia mavyaa, Mabruki wako kanuna. Akanishika kiganja kwa mkono wake mzima, akakibana. "Kwema? Kwema?" Nikamletea maji. Akayasukuma yakamwagika kitandani. Nimefua shuka mara ya pili leo.

Jumamosi, 8 Novemba

Kikapu kimerudi. Nimekikuta barazani nilipofungua mlango kuwasha jiko. Kizito kuliko nilivyokipeleka. Mchele wangu uko vilevile, na chini yake mkebe wenye mchele uliobaki wa wiki iliyopita. Juu kabisa kikoi tulichompa Idd, kimefuliwa na kukunjwa mara nne. Kila Idd nyumba hii humpa kikoi, na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Karudisha vitu kama askari aliyeachishwa kazi anavyorudisha sare. Hasira zikaniisha palepale. Nimeingiwa na hofu, na sijui naogopa nini.

Nimempigia Athmani. Yuko na lori lake Malaba, foleni ya siku tatu. Akacheka kwanza. Kisha akasema mamake alikuwa akimwambia Mabruki maneno fulani pale barazani, maneno ya zamani, lakini hakuwahi kuyasikiliza. Ni mambo ya wanawake wa nyumba, anasema, hupokezana. Mavyaa kwa mkaza mwana. Mwanamume huyu, posho yake ya safari ikichelewa siku moja hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini, lakini posho ya mtu mwingine haimhusu.

Mavyaa kwa mkaza mwana. Yaani mimi.

Naandika hili kwa kuwa hakuna mwingine wa kulisoma. Mwaka jana aliniita nije kwake. "Mama Zuhura, ndoo ukae hapa, usikize." Nikamjibu mafuta yako motoni. Hakuniita tena.

Jumapili, 9 Novemba

Mama Brayo, mpangaji wa chumba cha uani, karudi kanisani kaja moja kwa moja jikoni kwangu.

"Mama Zuhura, huyo mzee hajawasha moto tangu Alhamisi. Nimempelekea ugali na sukuma akanirudishia. Ati yeye ana mwenyewe, hawezi kula kwa watu. Mwenyewe ndio nani?"

Miaka kumi na tisa namwona akipita na ufagio wa chelewa, zile njiti za makuti, begani, nikidhani ni mzee asiye na watu, tunamsitiri kwa chakula. Kumbe hali popote isipokuwa kwetu. Hakuna nyumba Mtongwe iliyowahi kumpa hata chai, nimeulizia leo. Harusini hukaa nyuma, hukunja mikono, huondoka kabla ya sahani. Watu wanasema ni asili yake, babu zake walikuwa watumwa. Wanasema kwa sauti ndogo, na mimi nimewahi kusema vilevile.

Siku tatu hajala. Kwa ulimi wangu. Kesho namfuata, anune asinune.

Jumatatu, 10 Novemba

Nitaandika polepole.

Nilifika kwake baada ya mahamri. Hayupo. Nyuma ya kibanda kuna njia nyembamba inaingia kwenye vichaka, upande wa maji. Ile njia huiona kila siku nikianika nguo. Nilidhani ni ya mbuzi. Nimeifuata.

Vichaka vikakatika ghafla. Uwanja. Mweupe, umefagiwa, alama za chelewa mchangani zimepangika kama zilizochorwa kwa kitana. Katikati kaburi la mawe ya matumbawe, refu kunishinda, lenye nguzo kichwani, na kwenye nguzo mashimo ya duara palipokuwa na sahani za kaure. Sahani zenyewe hazipo. Chini ya nguzo kuna kijishimo cheusi kwa masizi, na ndani yake taa ndogo ya bati. Mafuta ya taa. Hana stovu yule mzee, anapikia kuni, na mimi miaka yote nikijaza chupa bila kujiuliza ya nini.

Hakuna jani hata moja. Na mwembe wa jirani unapukutisha wakati wote.

Babu alikuwa anafagia. Amekonda, kikoi alichovaa ni kile cha zamani chenye viraka. Anafagia hatua mbili, anaegemea nguzo, anafagia hatua mbili. Nikapiga magoti. Nikamwomba radhi.

Nikamuuliza, Babu, kama umerudisha posho, mbona bado unafagia?

"Posho yenu. Ufagio sikupewa na nyinyi."

Akanionyesha kwa kidevu aliyelala pale. Jina hataji. Anamwita Mwenyewe. Alikuwa mfalme wa upande huu, kabla ya Wareno, kabla ya ngome, zamani ambazo hata mababu walizihadithiwa. Na mfalme, anasema, hakuwalipa watumishi wake. Aliwalisha. Kila mtu kwa daraja lake: mpiga siwa, ile pembe ya kifalme, vibaba kumi, mpiga ngoma tisa, mteka maji vinane, mfagiaji saba. Nazi, chumvi, mafuta, na nguo kila mwaka. Alipokaribia kufa akawausia wanawe wa kike, kwa kuwa wa kiume wangepigania kiti wasahau jikoni: atakayekaa nyumbani kwangu awalishe, nao wasile kwa mtu mwingine, wasije wakawa wa mtu mwingine.

Nyumba ya mpiga siwa imekatika. Ya ngoma imekatika. Mteka maji wa mwisho alikufa babake Mabruki akiwa kijana. Amebaki wa saba, na nyumba ya kumlisha ni yetu.

Nimekaa mchangani nikimtazama. Si siku saba. Ni daraja. Mkono wangu huu, wenye unga wa mahamri, umepima cheo alichopewa mtu na mfalme, na mimi nikakiita sadaka. Mpewa sadaka ni fakiri, hana kazi wala mwenyewe. Nilimfukuza kazi barazani, tena kwa shikamoo.

Nikaogopa jambo lingine, nikamuuliza kama anamwomba yule wa kaburini. Alinitazama kama mtoto mjinga.

"Muombwa ni Mola. Huyu afagiliwa."

Nikauliza nifanye nini ale. Akasema Mwana amuulize, kila Alhamisi humuuliza. Mwana ni mavyaa, ndivyo anavyomwita. Amuulize nini? Hilo hasemi. Si kazi ya mtumishi kumfunza bibi wa nyumba maneno yake. Na Mwana, nikamwambia, hana maneno tena, Babu. Akachukua ufagio.

Jumanne, 11 Novemba

Nimekuwa kama mgombea kura, nasema peke yangu mbele ya kioo. Posho. Ada. Haki. Riziki. Hidaya.

Nimekwenda kwa Babu asubuhi na "ada yako". Alikuwa amelala kitandani, akatikisa kichwa. Alasiri nikaenda na "haki yako", nikidhani nimepata. Akatabasamu kidogo, kwa huruma.

"Bado wanipa," akasema.

Sielewi. Kitu utakitoaje bila kutoa?

Mavyaa leo kazidi. Kila nikipita mlangoni mwake, kwema? Nimemjibu vibaya mara moja. Kisha nimekaa ukingoni mwa kitanda nikamwomba radhi, akanipapasa uso.

Jumatano, 12 Novemba

Babu hainuki. Nimemkuta macho yako darini, midomo imekauka. Anakubali maji ya dafu la mnazi ulioko pale uwanjani, kwa kuwa ule ni mnazi wa Mwenyewe. Kitu kingine hapana. Mama Brayo kataka tumpeleke zahanati. Babu akamshukuru, akamwombea dua, akakataa. Mama Brayo ametoka analia. Baba Brayo, mumewe, muuza maji, kasimama nje na mkokoteni wake.

Nimepita kaburini. Majani ya siku mbili. Si mengi, lakini pale hata kumi ni mengi. Taa imezima, chupa tupu.

Mamia ya miaka, na nyumba za mawe zimeanguka, na watu na lugha zao wamekuja na kwenda, na uwanja huu haukulala na jani. Umelala na jani wiki yangu mimi.

Ulimi hauna mfupa, husemwa hivyo kwa mzaha. Mtu atakufa kwa neno langu moja, na neno la kumponya liko kichwani mwa mwanamke asiyeweza kulitoa.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo sikupika mahamri. Wateja waligonga, wakarudi.

Baada ya alfajiri nimekwenda kwa Babu, nikachukua ufagio nje ya mlango wake. Sikuomba ruhusa. Nimefagia uwanja wote. Nilidhani ni kazi ya robo saa. Chelewa ni fupi, lazima uiname, na mchanga ukiuparuza vibaya unaonyesha kila kosa. Nimefagia mara tatu mpaka mistari ikakaa. Malengelenge mawili, moja limepasuka. Nikalia kidogo, nikarudisha ufagio.

Kisha nikapima. Vibaba saba, nazi, chumvi, mafuta. Kikoi nikakiweka juu. Sikuwa na neno lolote. Niliazimia jambo moja tu: amwone Mwana kwa macho yake, ajue si yeye aliyemfukuza.

Baba Brayo akatoa mitungi kwenye mkokoteni. Tukatandika godoro, tukamkalisha mavyaa na mito miwili, nikamvika leso mpya na buibui lake la kutokea. Mama Brayo akamshika mgongo. Tukapita katikati ya muhogo, gurudumu linalia. Watu wakatoka vibarazani kutazama. Nilitaka kuona haya nikashindwa. Alikaa wima kuliko siku zote za ugonjwa wake.

Babu alitusikia. Tulipofika alikuwa amejikokota mpaka kizingitini, amekaa, mgongo kwenye mwimo wa mlango. Nikaweka kikapu chini, katikati yao. Nikarudi nyuma.

Mavyaa akamtazama. Akavuta pumzi.

"Kwema?" akasema.

Na yule mzee, ambaye jana hakuweza kugeuza shingo, akaushika mwimo akasimama.

Wallahi. Ndilo. Ndilo lenyewe. Neno pekee ambalo kiharusi kilishindwa kulibeba, lililokuwa nyumbani mwangu wiki nzima likiniita, nami nikilijibu kwa kikombe cha maji. Hakuwa akinisalimia. Ilikuwa Alhamisi kichwani mwake, kila saa. Alikuwa anauliza khabari za kwa Mwenyewe. Na mtumishi halishwi kwa kupewa. Huulizwa kazi yake, akajibu, kisha akainama akachukua kilicho chake.

Babu alijibu. Sauti ilikuwa ndogo lakini kila neno lilifika.

"Si kwema, Mwana. Amelala, lakini majani yana siku tatu, na taa haina mafuta."

Nilidhani yamekwisha. Angeweza kusema kwema akala, nani angemjua? Ana njaa ya siku saba na bado hatasema uongo kwa vibaba saba.

Mavyaa aligeuza kichwa polepole, akanitazama mimi. "Kwema?"

Sikufundishwa, ila nilikuwa nimeshasikia.

"Kwema, mama," nikasema. "Amelala. Kumefagiwa asubuhi hii. Taa bado, inangoja mafuta."

Babu alinitazama, kisha akautazama mkono wangu. Nilikuwa nimeufunga kitambaa. Akainama, akishikilia mwimo, akakivuta kikapu kwake.

Hakula. Aliniagiza kibaba. Nikakimbia nyumbani nikakileta kile cheusi. Akachota mchele, akajaza, akaufuta kwa kiganja ukawa sawa na ukingo, akanyoosha mkono.

"Wa aliyefagia," akasema. "Mtele wa leo ni wako."

Nilitaka kukataa. Mtu hajala wiki, anatoa chakula. Lakini kukataa kungekuwa lilelile neno langu la Alhamisi iliyopita, kwa sura nyingine. Nikakunja ushungi wangu, akamimina. Sikusema ahsante. Sijui kama nilikosea, ila hakungoja niseme.

Mama Brayo kawasha kuni palepale nje. Mchele wa kikapu, nazi ya kikapu, chumvi ya kikapu. Kampikia uji wa mchele, kwanza mwepesi. Babu kauinua kwa mikono miwili, kanywa, kapumzika, kanywa tena. Mavyaa alikaa kwenye mkokoteni mpaka bakuli likaisha, hakuuliza kitu.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua kidogo asubuhi. Mahamri yameisha.

Athmani kapiga simu, kavuka Malaba. Kauliza yule mzee vipi. Nikamwambia kala. Akasema alhamdulillahi, akaanza khabari za tairi.

Babu ameweza kuketi nje. Kesho atafagia nusu, mimi nusu, mpaka apate nguvu. Tumekubaliana kwa ishara. Mafuta nimeyapeleka mwenyewe.

Kile kibaba changu nimekipika peke yake, katika sufuria ndogo, kwa nazi. Nimekula barazani bila kitoweo. Ni mchele ule ule wa dukani, kilo niliyonunua mimi mwenyewe, nauona kila siku. Nilitafuna polepole na machozi yakanitoka. Sahani nimeifuta kwa kidole.

Magharibi nimeingia kumgeuza mavyaa. Kutoka dirishani mwake, ukijua pa kutazama, unaona kimwanga nyuma ya muhogo. Kitanda chake kimeelekea huko. Mimi ndiye niliyetaka kukihamisha mwaka juzi, akagoma.

"Kwema?" akaniuliza.

Nikaketi. Nikamjibu yote: amelala, kumefagiwa, taa inawaka. Akafumba macho.